Dawa ya homa, mafuta ya taa na glasi ya maziwa

SWALI: Assalamu aleikum daktari. Wiki mbili zilizopita mwanangu wa miaka miwili, kilo 12, alifungua chupa mpya ya dawa ya homa, ile parasetamoli ya maji ya mililita 60, akainywa yote ila kidogo iliyomwagikia nguo. Mama mkwe alimnywesha glasi nzima ya maziwa, kisha akamtia kidole kooni akatapika. Hatukwenda hospitali kwa sababu baada ya muda alikuwa akicheza, na hadi leo ni mzima. Mama mkwe asema maziwa ndiyo yaliyokata sumu. Je, likitokea tena, maziwa yatosha? – Mama wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mama. Alhamdulillahi mtoto ni mzima, lakini si kwa maziwa. Amesalimika kwa sababu chupa ilikuwa ndogo na dawa yenyewe hafifu. Parasetamoli ya watoto iliyo ya kawaida madukani ina miligramu 120 kwa kila mililita 5. Chupa ya mililita 60 basi ina miligramu 1,440. Gawanya kwa kilo 12, wapata miligramu 120 kwa kila kilo. Sisi huanza kuhofia ini kuanzia miligramu 150 kwa kilo, kwa hiyo hakufika. Lakini zipo chupa zilizoandikwa miligramu 250 kwa mililita 5, na zinafanana na hizo nyingine kwa rangi na ladha. Kwa chupa kama hiyo mtoto wako angefika kwenye hatari kwa mililita 36 tu, na maziwa yangekuwa yale yale.

Kinachonisumbua zaidi ni hilo la "alikuwa akicheza". Parasetamoli iliyozidi haimwangushi mtoto siku hiyo. Siku ya kwanza huenda akatapika kidogo tu, au asionyeshe chochote. Ini huharibika kimya kimya, na dalili hujitokeza siku ya pili hadi ya nne: maumivu chini ya mbavu za kulia, macho ya manjano, usingizi usio wa kawaida. Dawa ya kuizuia ipo, yaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa kabla ya saa 8 kupita tangu mtoto anywe. Damu ya kupima kiwango cha dawa hutolewa saa 4 baada ya kunywa au baadaye. Mzazi anayekaa nyumbani kumtazama mtoto akicheza anazichezea saa hizo.

Sasa hayo maziwa. Kila wiki twaulizwa, na kila wiki kuna aliyeambiwa na jirani, au na muuza dawa wa kando ya barabara, kwamba maziwa hukata sumu yoyote. Hayakati. Hayaitoi parasetamoli tumboni wala hayaizuii kuingia damuni. Mahali pekee yanapofaa ni mtoto akimeza kitu kinachounguza, kama jiki au dawa ya kuzibua choo: funda moja mbili za maji au maziwa, iwapo anameza bila taabu, kisha asipewe kitu tena. Na hapo maji hutosha.

Kwa mafuta ya taa, glasi nzima ya maziwa ni madhara matupu. Tumbo likijaa mtoto hutapika, na mafuta ya taa hayaui kwa kukaa tumboni, huua kwa kuingia mapafuni. Machache tu yakipita njia ya hewa wakati wa kutapika yatosha kumletea nimonia. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi kabisa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, mpeleke. Hata kama hakohoi, hospitali humwangalia kwa saa 6 hivi, maana kupumua kwa kasi na homa huenda vikaja baadaye.

Kidole kooni basi kiacheni, na maji ya chumvi pia. Chumvi nyingi kwa mtoto mdogo hupandisha chumvi ya damu hadi akashikwa na degedege. Ni sumu ya pili juu ya ya kwanza. Wala msimsagie mkaa wa jikoni. Mkaa tunaoutumia hospitalini ni unga uliotengenezwa maalumu, hutolewa kwa kipimo, na hausaidii mafuta ya taa wala vitu vinavyounguza.

Likitokea tena, toa kilichobaki mdomoni, angalia ni saa ngapi, chukua chupa yenyewe hata ikiwa tupu, na uondoke. Hospitali ya Likoni iko upande wenu. Anzia hapo, usipange foleni ya feri kutafuta hospitali kuu ya Makadara, ng'ambo. Wao ndio watakaoamua kama ahamishwe. Ikiwa amelala hazinduki, au ana degedege, mlaze kwa ubavu njiani.

Chupa ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tunaletewa watoto waliokunywa kitu kutoka chupa ya soda, mzazi hajui kama ni mafuta ya taa, tina ya kuyeyushia rangi au dawa ya mende. Mbaya zaidi ni ule unga wa panya unaouzwa sokoni kwenye vikaratasi bila jina. Anayeuza hajui kilichomo, na daktari hubaki kukisia kwa kutazama mboni za macho na mate yanayomtoka mtoto. Usiulete nyumbani kwako hata kama panya wamekushinda.

Jambo moja hukuuliza, lakini nalihofia kuliko hiyo parasetamoli: vidonge vya damu vya kliniki ya wajawazito. Kila kimoja kina miligramu 60 za chuma. Kwa mtoto wa kilo 12, vidonge 4 vyatosha kumuumiza, na 12 vyaweza kumuua. Hutapika na kuharisha, pengine damu, kisha huonekana amepata nafuu kwa saa kadhaa kabla ya kuzidiwa. Kama una mimba au una dada mwenye mimba hapo nyumbani, visikae kwenye mkoba wala chini ya mto. Viweke kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo ukae nawe.