Kanisa linabaki lenu hata mkiomba msaada wa kanda

Ndugu yangu katika Bwana, umeuliza kama kanisa lenu dogo, lisilo na mchungaji tangu wa kwanza astaafu, likiomba msaada kwa umoja wa makanisa ya Kibaptisti wa kanda litanyang'anywa maamuzi. Kwa desturi ya Kibaptisti, hapana. Kila kanisa hujitawala kupitia mkutano wa washirika wake. Umoja hushauri, hauamrishi. Ndivyo ilivyokuwa hata makanisa matano yalipoungana Philadelphia, Marekani, mwaka 1707.

Kuhusu mchungaji, hapo ndipo kanda hufaa zaidi. Kwa kawaida huweza kuwapa majina ya watumishi waliochunguzwa, kuwatafutia wahubiri wa muda, na kuketi na mashemasi kupanga maswali ya usaili. Lakini kura ya kumwita ni yenu. Msikubali mtu aletwe bila kura hiyo, hata kama mmechoka kusubiri.

Fedha ni suala jingine. Ruzuku hutoka kwenye michango ya makanisa wenzenu, kwa hiyo mtadaiwa hesabu, na ni haki yao. Barua ya maombi iambatane na muhtasari wa mkutano ulioidhinisha ombi, mapato na matumizi ya mwaka, na kiasi mtakachochangia wenyewe. Ulizeni pia mapema, kwa maandishi, hati ya kiwanja iko kwa jina la nani. Mahali pengine umoja ndio mdhamini wa mali, na hilo huzua ugomvi mchungu likigunduliwa baadaye.