Commodore 64 Kwenye Intaneti: Anzia kwa Stima

Jumamosi iliyopita, saa tano usiku hapa Umoja, Nairobi, Commodore 64, kompyuta kongwe ya marehemu mjomba, ilinifungulia ukurasa wa Nairobi kutoka Wikipedia ya Kiswahili. Maneno yalishuka mstari kwa mstari, nami nikayasoma yote nimesimama. Niliweka picha, na kufikia Jumatatu dada mmoja wa Nakuru alikuwa ameniandikia: anayo kama hiyo, ya babake, aanzie wapi?

Dada, anzia kwa stima. Mimi sikuanzia hapo, na bado roho inaniuma.

Mashine hizi zilianza kuuzwa 1982. Mjomba alirudi na yake kutoka Uingereza, ikaishia juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, miaka na miaka. Nilipoirithi nikaipeleka kwa fundi mmoja barabara ya Luthuli, mjini. Aliichomeka kwa adapta ya zamani ya mashine yenyewe, ile nzito kama tofali, bila kuipima. "Washa tu, hizi hazifi." Iliwaka sekunde chache, kisha skrini ikawa nyeusi tii. Akacheka, akaniambia nikauze kwa wa vyuma kuukuu. Adapta zile zina ugonjwa unaojulikana: upande unaotakiwa kutoa volti 5 ukiharibika, volti hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Nilipoipima adapta hiyo nyumbani, mita ilisoma 7.8. Chipu zote nane za kumbukumbu nilizibadilisha mwenyewe, nikizilehemu moja moja, baada ya kuzisubiri wiki saba. Hadi leo sijaombwa radhi.

Kwa hivyo pima. Hata anayekuhudumia akiwa fundi wa miaka 20, mwambie atoe mita kwanza.

Upande wa intaneti, nilinunua modemu ndogo ya waifai yenye chipu ya ESP8266, inayoingia kwenye tundu la nyuma la kompyuta. Commodore huiona kama modemu ya simu: unaandika ATDT, amri ya kupiga simu, unaongeza anwani, inapiga. Jioni mbili nzima haikuuona mtandao wangu. Nililaumu lehemu yangu, kumbe chipu ile husikia gigahezi 2.4 pekee, na ruta yangu ilikuwa imewekwa kwenye 5.

Hapa kwenye tovuti zenyewe ndipo wengi hukata tamaa. Karibu zote siku hizi zimefungwa kwa usimbaji fiche, na prosesa ya megahezi 1 haiwezi kuufungua ukiwa bado unasubiri. Picha moja ya simu, megabaiti 3, ni mara 48 ya kumbukumbu yake yote ya kilobaiti 64. Usiibebeshe mzigo huo, itafutie tarishi. Mimi nina Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kisasa, kando ya ruta. Hiyo ndiyo inayokwenda kwenye tovuti kwa Lynx, kivinjari cha maandishi tu, inavua picha na mapambo, inakata maandishi yawe herufi 40 kwa mstari, kisha inaikabidhi Commodore maneno matupu. Kwa biti 2400 kwa sekunde, skrini ya mistari 25 hujaa kwa sekunde nne hivi, haraka kuliko mtu anavyosoma. Mara ya kwanza herufi kubwa zilitoka ndogo na ndogo zikatoka kubwa, kwa kuwa Commodore ina mpangilio wake wa herufi, PETSCII. Nikaugeuza kwenye programu ya mawasiliano, ikatulia.

Wapo watakaosema simu ya bei ya chini ingefanya haya haraka zaidi. Ni kweli, na simu ninayo. Lakini jamani, kitu alichotuachia mzee hakiwi taka kwa sababu kuna mtu dukani amekicheka. Tukae navyo, tuvifungue, tujue vinavyofanya kazi. Tuzime kabla ya kuchomeka modemu, kila mara. Na tupime, tafadhali, tupime!

Dada wa Nakuru, usiiwashe bado. Igeuze ile adapta, piga picha lebo ya chini na pini za waya, unitumie. Nina adapta mpya ya akiba. Zikilingana, nitakuwekea kwenye matatu Ijumaa asubuhi.