Jiko la kantini kwanza, mapipa ya rangi baadaye

Maswali ya mazingira ya safari hii yametoka kwa wanachuo wa Tabora, isipokuwa moja lililokuja kutoka Kasulu na jingine la mama mmoja anayeuza chakula. Yaliyokuwa marefu nimeyafupisha. Walioniuliza kuhusu mirija ya soda watanisamehe, tuna mambo mazito zaidi ya mrija.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni waziri wa afya na mazingira kwenye serikali ya wanafunzi. Tuna bajeti ndogo na tumebishana hadi usiku: tununue mapipa ya taka ya rangi tatu, au tuchapishe fulana za kampeni? – Mheshimiwa, Tabora mjini

Marahaba, mheshimiwa. Fulana ziacheni. Mapipa nayo yangoje kidogo. Kabla ya kununua hata moja, mfuate dereva wa trekta la taka umuulize mzigo anaupeleka wapi. Kama pipa la kijani, la bluu na la njano yote yanamwagwa kwenye tela moja na kuishia jalala moja, mtakuwa mmenunua rangi. Kutenganisha taka kuna maana pale ambapo kila fungu lina mtu wa kulichukua. Chupa za plastiki zina waokotaji wanaoziuza kwa kilo. Mabaki ya chakula yana wafugaji wa nguruwe wanaoyafuata wenyewe na ndoo. Patana na hao kwanza.

Nguvu zenu zipelekeni jikoni. Chuoni hakuna kinachokula msitu kama jiko la kantini, na wanafunzi wengi hawajawahi hata kuchungulia nyuma ya jengo kuona kuni zinavyoshushwa. Serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo mkiingia ofisini kwa mkuu wa chuo hamwendi kuomba hisani.

Nendeni na hesabu lakini. Kuni zinaingia mara ngapi kwa mwezi, kwa lori au kwa mkokoteni, kila safari ni shilingi ngapi, na nani anazilipa? Swali hilo la mwisho ndilo lenye utamu. Mara nyingi anayelipa ni mzabuni wa kantini, na gharama ya kuni haionekani popote kwenye vitabu vya chuo. Mzabuni naye ana mkataba mfupi. Ukimwambia afunge majiko ya gesi ya mamilioni atakayomwachia mzabuni ajaye, atakucheka, na mimi ningecheka naye. Ombi lenu liwe hili: chuo kigharamie majiko na mitungi mikubwa viwe mali ya chuo, mzabuni alipie gesi anayochoma.

Wakati mnasubiri majibu (mtasubiri), yapo ya kufanya bila kibali cha mtu. Maharage yalowekwe tangu usiku. Kuni zianikwe chini ya paa, maana kuni mbichi inatumia moto wake kukausha maji yake yenyewe kabla ya kuivisha chochote. Sufuria zipate mifuniko inayoenea, na mafiga yabadilishwe kwa jiko banifu la kujengea. Ila mpishi msimfundishe kupika. Muulizeni yeye anakwamishwa na nini, kisha mbebeni hoja yake.

Mwalimu, nimepanga geto Kanyenye. Tuko wapangaji watano, mita ya LUKU moja. Mwenye nyumba hataki kusikia jiko la umeme, anasema litamaliza umeme. Napikia mkaa, na mvua ikinyesha naingiza jiko ndani. Bumu la mkopo likikata nashindia chipsi. Nifanyeje? – Mwaka wa pili

Kwanza hilo la kuingiza jiko ndani: acha leo. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa gesi ya sumu (kaboni monoksidi) isiyo na harufu wala moshi, na watu hulala wasiamke. Mvua ikinyesha pikia barazani, au kula mkate.

Sasa tuje kwa mwenye nyumba. Anaogopa jiko la koili, lile linalowaka jekundu mchana kutwa, na hofu yake ina msingi. Jiko la umeme la presha ni jambo jingine. Limefunikwa, limezungushiwa kinga ya joto, na likishapata presha linajizima na kuwaka kidogokidogo. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa inaiva humo kwa chini ya nusu uniti. Kwa mita ya kawaida uniti moja haifiki shilingi 400, hivyo sufuria hiyo ya maharage haifiki shilingi 200. Kopo la mkaa wewe unalinunua bei gani pale mtaani, na linapika mara ngapi? Mpelekee mwenye nyumba hesabu hiyo. Akiendelea kugoma, changeni wapangaji mfunge mita ndogo ndani ya kila chumba, kila mtu aone alichotumia. Ugomvi wa LUKU mara nyingi ni wa kutokujua nani kala nini.

Na mkitaka kumkamata mwizi wa kweli wa uniti hapo nyumbani, tazameni hita ya kuoga. Kuchemsha ndoo ya lita 20 hadi iwe vuguvugu la kuogea kunakula karibu uniti 0.4, kila mtu, kila asubuhi. Ndoo moja inakaribia sufuria yako nzima ya maharage. Tabora yenye jua hili! Iweke ndoo nyeusi yenye mfuniko juani saa sita, jioni uoge. Juni na Julai asubuhi kuna baridi, hapo sikulaumu.

Bei ya jiko la presha itakuuma, sikufichi. Changeni wawili mnaokula pamoja, mnunue siku bumu linapoingia, kabla halijaanza kuyeyuka.

Lakini umeme wenyewe si unatokana na mafuta? Tunahama moshi mmoja kwenda mwingine. – Mbishi, Isevya

Kwa gridi ya Taifa ya sasa, hapana. Sehemu kubwa inatoka kwenye maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji peke yake lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Gesi nayo inatoka Songosongo na Mnazi Bay. Siyo safi kama maji, lakini siyo dizeli. Swali lako lingekuwa na uzito zaidi Kigoma ya miaka ya nyuma, ilipokuwa ikiendeshwa na majenereta kabla ya kuunganishwa na gridi.

Kila mwaka tunapanda miche chuoni Siku ya Mazingira, mgeni rasmi anakuja, tunapiga picha. Tukirudi kutoka likizo imekauka yote. Tatizo ni udongo? – Katibu wa klabu ya mazingira

Tatizo ni kalenda. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Mvua za Tabora zinanyesha Novemba hadi Aprili, zikichelewa sana Mei mwanzoni. Mnauzika mche kwenye mchanga mkavu mwanzo kabisa wa kiangazi, mnampigia makofi mgeni rasmi, halafu Julai wote mnakwenda likizo. Hata mwarobaini una kikomo cha uvumilivu.

Bahati nzuri mwaka wa masomo unafunguka mvua zikiwa zinanusa mlangoni. Hiyo ndiyo nafasi yenu. Pandeni Desemba, ardhi ikishalowa vizuri, wapande wa mwaka wa kwanza, na kila mche uwe na mwenyewe atakayekuwa chuoni miaka mitatu. Mashimo yachimbwe mapema, yachanganywe na samadi, na pawekwe uzio wa miiba kwa ajili ya mbuzi. Mkaratusi mchanga unapendwa mno na mchwa wa huku, msiufanye tegemeo. Mwembe umeshathibitisha wenyewe kwamba mji huu unaupenda. Tarehe 5 Juni itumieni kuhesabu miche iliyobaki hai mbele ya mgeni rasmi. Itakuwa sherehe fupi miaka ya mwanzo.

Kuna jambo jingine ambalo halina picha nzuri, ila mimi nalipenda kuliko kupanda. Tembea hadi mwisho wa eneo la chuo, kule mafyekeo yanakofika. Utaona visiki vya miyombo na mininga vinavyochipua kila msimu, na kila msimu panga linavirudisha chini. Kisiki hicho kina mizizi ya miaka mingi iliyoshafika kwenye unyevu. Hakihitaji ndoo yako. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, punguza mengine, weka alama ya kitambaa chekundu, kisha ongea na wafyekaji wasiyaguse. Wasukuma na Wanyamwezi wanaijua kazi hii kwa ngitili, maeneo yanayofungwa mifugo isiingie ili majani na miti virudi. Kule Shinyanga mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulirudisha vichaka vingi kwa kuufuata utaratibu huohuo wa wazee badala ya kung'ang'ania vitalu vya miche.

Mwangaluka mwalimu. Baba yangu analima tumbaku Urambo, ada yangu inatoka humo. Kwenye klabu yetu ya mazingira wakisema "wakulima wa tumbaku wanamaliza misitu" nainamisha kichwa. Najiona mnafiki. – Binti wa mkulima

Mwangaluka, mwanangu. Inua kichwa. Katika klabu hiyo huenda wewe ndiye pekee uliyewahi kubeba kuni za bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, kwa hiyo wewe ndiye mwenye la kusema.

Wanachosema si uongo. Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa moto unaokaa siku kadhaa mfululizo, usiku na mchana, na kuni zake nyingi zinatoka kwenye miyombo. Lakini wale wanaokunyooshea kidole wanakula wali ulioivishwa na kuni za misitu hiyohiyo, na wao hawana deni la pembejeo kwenye chama cha msingi. Waambie hivyo kwa upole, kisha endelea na mambo ya maana.

Baba yako hataacha tumbaku kwa sababu umerudi na kipeperushi. Anachoweza kufanya bila kupoteza senti ni kupunguza kuni kwa kila bani. Bani la zamani linavuja joto kila mahali: nyufa za ukuta, mlango usiokaa sawa, mabomba ya bati yaliyotoboka, tanuri lisilo na mlango. Bani lililoboreshwa, lenye tanuri lililofungwa na bomba zima la moshi, linatumia kuni pungufu na linakubali matawi membamba, magogo yakapumzika. Likizo yako ndefu inaangukia kiangazi, bani likiwa tupu, na matope ya kuzibia nyufa hayana bei. Muulize pia kuhusu miti ambayo mkataba wa tumbaku unamtaka apande: imepandwa wapi, mingapi imepona? Uliza kama mtoto anayejali shamba la baba yake. Akikuona unapima kuni zilizoingia bani hili na bani lile, atakusikiliza kuliko mhadhara wowote.

Jambo la pili ni nyuki. Asali ya Tabora inatoka kwenye miyombo hiyohiyo, na mzee mwenye mizinga porini ana sababu ya kumfukuza mkata magogo. Ila asitumie mizinga ya magome, maana ukibandua gome kuzunguka shina, mti umeuua.

Mimi nauza chakula nje ya geti la chuo. Wanafunzi wananidai mfuko wa plastiki wa kubebea, nisipowapa wanahamia kwa jirani. – Mama lishe

Mama yangu, marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea inafanya kazi tangu tarehe 1 Juni 2019, na anayekutwa nayo anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo. Faida ya sahani moja haiwezi kubeba hatari hiyo. Mwenye bakuli lake mwongezee kijiko cha maharage. Habari itafika bwenini kabla yako.

Bomba la bweni letu linakatika kila wiki. Tunaweza kukinga mvua? – Mlezi wa bweni

Mnaweza, na hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua moja nzuri ya milimita 20 linapokea lita 4,000, na hata ukitoa inayoruka na kuvuja unabaki na zaidi ya 3,000. Gharama ni gata na simtanki. Mvua za kwanza za Novemba zipisheni zioshe vumbi la paa, na maji hayo yawe ya kufulia na vyooni. Mengine, ya kunywa chemsheni.

Wakati huohuo mleteni fundi wa bomba. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inamwaga karibu ndoo nzima ya lita 20 kwa siku, na bweni lenye koki moja tu ya namna hiyo bado sijaliona.

Sisi ni wanachuo wa ualimu Kasulu. Tunataka klabu ya mazingira lakini hatuna mfadhili. – Walimu watarajiwa

Marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alianzisha vikundi vya vijana vya Roots & Shoots mwaka 1991 na wanafunzi 12 waliokutana barazani kwake Dar es Salaam. Kila kikundi kinatakiwa kichague jambo moja kwa ajili ya watu, moja kwa ajili ya wanyama na moja kwa ajili ya mazingira. Mfadhili hayumo kwenye masharti hayo. Huko kwenu Kigoma mradi wa TACARE, ulioanza 1994 kwenye vijiji vinavyozunguka Gombe, ulianza kwa kuwauliza wanavijiji wanahitaji nini kabla ya kuwagusia msitu, na wakataja afya, maji na shule. Nanyi waulizeni wapishi, wafagizi na walinzi wa chuo. Kama jibu ni choo, anzeni na choo.

Tunataka kuweka mizinga ya nyuki nyuma ya bweni la wasichana, pana miti mizuri. – Klabu ya ujasiriamali

Hapana. Nyuki wa huku ni wakali, na wanataka eneo tulivu mbali na madarasa, njia na mifugo. Mji wenu una Chuo cha Nyuki. Nendeni mkaulize umbali, aina ya mzinga na nani atavaa ovaroli siku ya kurina. Mkipata jibu la hilo la mwisho, niandikieni tena.