Kabla hujasema Android mbovu, angalia unarudije nyuma

Wadogo zangu mnaoanza kudizaini apu, naanza na aibu yangu mwenyewe. Apu yangu ya kwanza ya kazi niliichora yote nikiwa na iPhone mkononi, nikaweka kimshale cha kurudi kule juu kushoto nikajua nimemaliza, siku ya majaribio jamaa mmoja wa Android kajaza fomu mpaka ukurasa wa nne, akakumbuka kakosea jina, akabonyeza batani ya kurudi ya simu kama alivyozoea, apu ikajifunga na fomu yote ikaenda. Hakusema kitu, alinirudishia simu tu.

Ndo nikaanza kuchimba. Simu ya kwanza ya Android, 2008, ilikuja na batani ya kurudi kwenye simu yenyewe, hivyo mtu wake anategemea simu imrudishe popote alipo, hata akiwa ameruka toka apu moja kwenda nyingine. iPhone ya 2007 kwa mbele ilikuwa na batani moja tu, ya kwenda mwanzo, kwa hiyo kurudi nyuma ikawa kazi ya kila apu kivyake, na kimshale kikakaa juu. Baadaye iOS 7 (mfumo wa iPhone), 2013, ikaruhusu kutelezesha kidole toka ukingo wa kushoto, na Android 10 ya 2019 ikaruhusu kingo zote mbili. Sasa wewe weka menyu ya kuvuta toka pembeni uone inavyogombana na kurudi nyuma, mi nimekesha na hiyo kitu.

Mengine ni madogo. Apple wanasema kitu cha kugusa kisipungue pointi 44, Google dp 48 (pointi na dp ni vipimo vya ukubwa wa vitu kwenye skrini), shika hizo namba uendelee. Windows Phone ya 2010 na vigae vyake (miraba ya apu kwenye skrini ya mwanzo) ilikuwa nzuri kuliko zote kwa macho yangu (nibishieni) lakini apu zilikuwa chache, ikafa na uzuri wake.

Kwa hiyo kama unatumia iPhone azima Android, au kinyume chake, weka laini yako humo wiki mbili, simu yako iache kabatini. Wiki ya kwanza utachukia kila kitu, usiandike chochote. Ya pili ndo uandike, kila mara kidole kikienda mahali ambapo hakuna kitu, andika kilikuwa kinatafuta nini.