Maswali ya Wasomaji: Moshi wa Kichwa cha Treni

SWALI: Shikamooni. Hapa Kaliua treni ya mizigo ikiondoka kwenda Kigoma, kichwa hutoa moshi mweusi tii, kisha hukatika. Injini ni mbovu?

JIBU: Marahaba. Ukikatika mapema, si ubovu. Dereva akiongeza mafuta, dizeli huingia kwenye silinda papo hapo, lakini turbo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, huzungushwa na moshi unaotoka, hivyo huchelewa kushika kasi. Kwa sekunde hizo mafuta huzidi hewa, na yasiyoungua vizuri hutoka kama masizi. Turbo ikishika kasi, moshi hupungua na utasikia mluzi mwembamba juu ya ngurumo.

Shaka ianze pale moshi mweusi unapoendelea ilhali ngurumo imetulia: chujio la hewa limeziba vumbi, nozeli ya kunyunyizia dizeli inavuja, au turbo imechoka. Moshi wa bluu ni mbaya zaidi. Hiyo ni oili inaungua, huenda ringi za pistoni zimelika. Mweupe asubuhi ya baridi hauna neno.

Sikiliza na magurudumu. Ngurumo ikipanda ghafla huku treni haisongi, yanateleza. Manyunyu huleta balaa hilo kuliko mvua kubwa: mvua kubwa huosha reli, manyunyu hukoroga vumbi na mafuta yaliyo juu yake. Dereva hupunguza nguvu kwanza, ndipo humwaga mchanga mbele ya magurudumu. Mchanga huo lazima uwe mkavu. Ukilowa huganda kwenye bomba.

SWALI: Niko Uvinza. Nitajuaje mwendo wa treni inayopita?

JIBU: Saa ya simu yatosha. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2. Simama bila kusogea, lenga nguzo iliyo upande wako wa reli, upime sekunde tangu ncha ya mbele ya kontena ifike hapo hadi ya nyuma ipite. Gawanya 44 kwa sekunde hizo: sekunde 2 ni kilomita 22 kwa saa. Kwa kontena la futi 20, gawanya 22. Pima matano uchukue wastani, maana kidole kikichelewa robo sekunde hesabu huharibika. Usitarajie namba kubwa; reli hii ya upana wa mita 1, iliyofika Kigoma mwaka 1914, si SGR, ile reli mpya ya kisasa.

SWALI: Watoto huweka sikio relini wasikie treni. Ni salama?

JIBU: Hapana, wakatazeni leo. Treni inayoteremka huja injini ikiwa imepunguzwa nguvu, karibu kimya, na yenye mzigo huhitaji mamia ya mita kusimama. Tazameni mkiwa mita 30 kutoka relini.