Maswali ya Wasomaji: Mchezo Usiosamehe

SWALI: Ndugu Mhariri, asalaam aleikum. Kijana wangu ameupata mchezo wa zamani wa video, Ghosts 'n Goblins, lakini hata makaburi ya mwanzo hayavuki. Je, mchezo ni mbovu? – Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam. Si mbovu, ijapokuwa ukali wake, kwa maoni yangu, mahali pengine umepita kiasi. Kampuni ya Capcom ya Japani iliutoa mwaka 1985 kwa mashine za sarafu, ambazo faida yake ilitegemea mchezaji kufa mapema na kutia sarafu nyingine. Shujaa wake, Arthur, akiguswa mara moja hupoteza deraya, na akiguswa tena hufa. Lililo zito zaidi ni mruko: akisharuka hawezi kugeuza mwelekeo hewani, kwa hiyo kijana na aamue atakapotua kabla ya kubonyeza kitufe, wala asiruke kwa hofu kila mfu anapochomoza ardhini. Katika silaha za kurusha, mwenge auache; jambia huenda kasi zaidi. Na akimshinda adui wa mwisho, asishangae kurudishwa mwanzo, kwani mchezo huu humtaka mtu aumalize mara mbili.