Uofisa kwenye Navy ya Marekani ukiwa na green card

Mkuu, umeuliza kama ukiwa na green card (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) na digrii ya uhandisi ya hapa nyumbani unaweza kuingia Navy, yaani jeshi la majini, moja kwa moja kama ofisa. Huwezi. Kamisheni, yaani kupewa cheo cha uofisa, ni ya raia tu, hata uwe na digrii tatu. Unaingia kama askari wa kawaida, uofisa unautafutia ndani.

Mtihani wa kuanzia ni ASVAB. Watu wetu wanakesha na hesabu, halafu Kiingereza kinawaangusha. Alama ya AFQT, inayoamua kama unachukuliwa, inatoka sehemu nne: mbili za hesabu, msamiati na ufahamu. Hizo mbili za lugha huunganishwa kuwa alama moja, kisha inazidishwa kwa mbili. Yaani nusu ya matokeo ni Kiingereza.

Baada ya hapo ni MEPS, kituo cha kuandikisha wanajeshi: vipimo vya afya, kuchagua kazi, kusaini. Hapo usiwe na haraka. Kazi za nyuklia na za ujasusi zinataka raia, kwa hiyo orodha yako itakuwa fupi. Hata hivyo usisaini mkataba usiotaja kazi yako eti "utachagua ukifika melini". Utaishia kukwangua kutu na kupaka rangi, na kuipata fani uitakayo kutachukua muda. Ahadi ya mdomo ya ofisa uandikishaji haimfungi mtu. Halafu jua kwamba dhima yako ya utumishi ni miaka 8 kwa jumla, ukijumlisha na ya jeshi la akiba.

Depo, yaani kambi ya mafunzo ya awali, iko Great Lakes, kaskazini mwa Chicago. Kinachotesa wengi ni bwawa: unaruka kutoka jukwaani, unaogelea yadi 50, unaelea kifudifudi dakika 5, kisha unajaza hewa kwenye nguo zako zikubebe. Kuzaliwa Tanga hakukusaidii kama hujui kuogelea. Jifunze kabla.

Uraia unauomba kwa fomu N-400 pamoja na N-426, ambayo jeshi linathibitisha utumishi wako. Hakuna ada, na ile miaka 5 ambayo wenye green card wa kawaida husubiri haikuhusu. N-426 hupenda kulala mezani kwa karani, kwa hiyo ifuatilie wewe mwenyewe. Ukifukuzwa jeshini kwa utovu wa nidhamu kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi, uraia huo unaweza kufutwa. Mtanzania apige hesabu mapema, maana sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Mkenya anaruhusiwa tangu katiba ya 2010.

Ukishakuwa raia, peleka digrii yako ikatathminiwe na taasisi inayotambulika Marekani. Bila tathmini, maombi ya OCS, shule ya kufunza maofisa, yanakwamia hapohapo. Wengi hulikumbuka hili mwishoni, wakati kupata transkripti kutoka vyuo vyetu kunaweza kula miezi. OCS yenyewe ni wiki 13 pale Newport, Rhode Island. Unahitaji pia pendekezo la mkuu wa kikosi chako, kwa hiyo ripoti zako za utendaji zinaanza kuhesabiwa tangu siku unaripoti melini. Asiye na digrii aangalie STA-21, mpango wa Navy wa kuwasomesha askari wake wawe maofisa: unapewa miezi 36 kumaliza chuo huku mshahara ukiendelea.